Mkono kufa ganzi saa tisa usiku: jibu kwa mama fundi cherehani

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa miaka 42, fundi cherehani hapa Morogoro, huu mwaka wa kumi na tano nipo kwenye kazi hii. Tangu mwezi wa tatu mkono wa kulia unakufa ganzi usiku, naamka saa tisa vidole vinachomachoma kama vimepakwa pilipili, nakaa kitandani naukung'uta mpaka uzinduke. Sasa hata mchana nikishika mkasi au simu muda mrefu inaanza, na sindano inaniponyoka. Duka la dawa walinipa vidonge vya neva na diklofenaki, nimemeza miezi miwili naona ni yale yale. Jirani anasema hiyo ni dalili ya kiharusi, shemeji anasema ni damu chafu nikachanjwe kwenye kifundo itoke. Mwingine kaniambia dawa yake ni oparesheni tu na ukifanyiwa mkono unalemaa. Mimi nalea watoto kwa mkono huu. Halafu siku hizi nachoka ovyo, nimenenepa wakati sili sana, na baridi inanisumbua mpaka nashona nimevaa sweta. Nifanyeje?"

Marahaba dada yangu, na pole sana. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili, maana kuna sentensi umeiweka mwishoni kama ya kupitia tu na mimi ndo imenishtua kuliko zote, nitaifikia. Kwanza nikuondolee hofu kubwa: ulivyoeleza hapo hakufanani na kiharusi. Kiharusi kinakuja ghafla, mdomo unaenda upande, ulimi unakuwa mzito, mkono au mguu unakosa nguvu palepale, hakikuamshi saa tisa kila usiku kwa miezi halafu ukikung'uta mkono kinaondoka. Siku ukiona hizo nilizotaja, hata kama ni kwa jirani mwenyewe, ni kukimbilia hospitali saa hiyohiyo bila kusubiri kupambazuke. Ila ya kwako ina sura nyingine kabisa na mimi sura hiyo naiona karibu kila wiki kwenye chumba cha fiziotherapia, kwa mafundi, kwa mama ntilie, kwa wasusi, kwa vijana wa mashine za kusaga na za kukata vyuma.

Huko kuamka na kuukung'uta mkono ni dalili ambayo sisi tunaichukulia kwa uzito sana. Mgonjwa akikaa tu kwenye kiti nikamuuliza "usiku ukiamka unafanyaje?" halafu bila kujibu kwa mdomo akanyanyua mkono akaukung'uta kama anayekung'uta maji, najua tayari tunaelekea wapi. Ugonjwa huu kitaalamu unaitwa sindromu ya kapali taneli, kwa maneno yetu ni neva kubanwa ndani ya handaki lililopo kwenye kifundo cha mkono.

Wewe ni fundi kwa hiyo nitakueleza kwa kitu unachokishika kila siku. Fikiria upindo wa kiuno cha sketi, ule unaopitishia lastiki. Sasa badala ya lastiki moja mtu kapitisha kamba tisa na katikati yao uzi mmoja laini. Kifundo chako ndo kiko hivyo, chini na pembeni kuna vifupa vidogo vimepangwa kama bakuli, juu yake kuna utepe mgumu umevutwa toka upande wa gumba mpaka upande wa kidole kidogo, na ndani ya hiyo nafasi zinapita kano tisa za kukunjia vidole pamoja na neva moja, tunaiita neva ya kati. Utepe ule hautanuki na mifupa haisogei. Kwa hiyo kano zikivimba kidogo tu, au ngozi nyembamba inayozizunguka ikinenepa, au maji ya mwili yakiongezeka, hakuna pa kwenda, anayeumia ni yule laini kuliko wote.

Na anaumia vipi? Watu wengi wanasema "damu haitembei mkononi" lakini siyo hivyo, ukiangalia vidole vyako havijawa vya bluu wala baridi kama barafu, mshipa wa damu wa mkono wenyewe hata haupiti mle handakini. Kinachobanwa ni vile vimishipa vidogo mno vinavyoilisha neva yenyewe. Neva ikikosa hewa inaanza kupiga kelele, hicho ndo kichomachomo na pilipili unayoisikia, ukiunyoosha mkono na kuukung'uta mbano unapungua, neva inapumua inatulia. Madaktari walishawahi kuingiza vipimo ndani kabisa ya handaki kupima mgandamizo, kwa mtu mzima wa afya mkono ukiwa umenyooka haufiki hata 10 kwa vipimo vilevile vya presha, kwa wenye tatizo hili ulikuwa kama 30, na wakikunja kifundo ulipanda mpaka 90 na zaidi. Sasa jiulize unalalaje. Wengi tunalala tumekunja mikono chini ya shavu au kifuani kama mtoto, masaa sita mfululizo, na ukishalala yale maji yaliyokuwa miguuni mchana kutwa yanarudi juu. Ndo maana ni saa tisa usiku na siyo saa tisa mchana.

Naomba ufanye kitu leo usiku ukiamka. Kabla hujakung'uta, kichunguze kidole kidogo. Neva ya kati inahudumia gumba, kidole cha shahada, kidole cha kati na nusu ya kidole cha pete, kidole kidogo kina neva yake nyingine ambayo haipiti kwenye hilo handaki. Chukua kipande cha uzi, ukipitishe kwenye kidole cha pete upande unaotazama kidole cha kati, halafu upande unaotazama kidole kidogo. Kama upande mmoja unahisi hafifu na wa pili unahisi sawasawa, kidole kimoja kimegawanyika katikati, basi hicho ni kidokezo kizuri kwamba neva ya kati ndo inabanwa. Mchana kaa, kutanisha migongo ya viganja vyako, vidole vitazame chini, kifundo kikunje kabisa bila kulazimisha, hesabu dakika moja. Hicho ni kipimo cha Phalen. Ganzi ikija kwenye vidole vilevile, inazidi kutupa jibu. Isipokuja usijipe uhakika wa kwamba huna, kipimo hicho kinakosea pia.

Lakini kama kinachokufa ganzi ni kidole kidogo na nusu ya pete, hiyo ni neva nyingine, mara nyingi imebanwa kwenye kiwiko. Kama ganzi inaanzia shingoni inashuka na ukigeuza shingo inazidi, tunaangalia shingo. Kama nyayo zote mbili nazo zina ganzi au zinawaka moto, tunawaza kisukari, au dawa unazotumia, kwa mfano baadhi ya dawa za kifua kikuu. Na hapa nasema waziwazi kwa sababu kwetu bado upo na watu wanaona aibu kuutaja: kama una baka mwilini lenye rangi hafifu ambalo ukiligusa halina hisia, hasa pamoja na ganzi ya mkono, nenda kituo cha afya upimwe ukoma, dawa zake ni bure na unapona kabisa ukiwahi.

Nirudi kwako. Umesema unachoka, umenenepa bila kula sana, na unashona umevaa sweta. Ungeniandikia hayo matatu peke yake bila kutaja mkono, ningekuambia kapime tezi ya shingo, ile ikivimba watu wanaita goita, ila inaweza kuzembea kazi bila kuvimba hata kidogo. Ikizembea mwili unapoa, unakuwa mzito, choo kinakuwa kigumu, hedhi inavurugika, na tishu za mwili zinajaa majimaji, pamoja na mle handakini. Siwezi kusema kwamba unayo, uchovu una sababu mia na fundi mwenye watoto ana haki ya kuchoka, lakini nakuomba sana upime. Ni damu kidogo tu wanachukua, kipimo kinaitwa TSH, ulizia hospitali ya mkoa au maabara kubwa, na siku hiyohiyo wakupime sukari, kwa sababu kisukari nacho ni rafiki mkubwa wa huu ugonjwa na watu kibao wanakigundulia hapa. Ikiwa ni tezi, kuna kidonge cha kila siku na kuna watu mkono unapata nafuu kubwa baada ya tezi kutulizwa, bila kuguswa na kisu. Tukikimbilia mkono tukaiacha tezi tutakuwa tunafuta maji na bomba liko wazi.

Kwa wengine mtakaosoma hapa, wajawazito pia mnapata sana hii hali hasa miezi ya mwisho, wengi inaisha yenyewe wiki au miezi kadhaa baada ya kujifungua, kwa hiyo msikimbilie makubwa. Na wenye baridi yabisi ya viungo, na waliowahi kuvunjika kifundo. James Paget, daktari wa Uingereza, alieleza neva hii kubanwa baada ya mtu kuvunjika mkono huko nyuma mwaka 1854, kwa hiyo yale maneno kwamba huu ni ugonjwa wa watu wa kompyuta hayajakaa sawa. Kompyuta ushahidi wake ni dhaifu. Kazi zinazoonekana wazi kuchangia ni za kukamata kwa nguvu huku kifundo kimekunjwa, tena na tena, na mashine zinazotetemesha mkono.

Na kwako wewe sidhani kama mkosaji mkubwa ni cherehani. Cherehani mkono unaongoza kitambaa tu. Mimi naushuku mkasi na pasi. Mkasi butu ukikata vitambaa vya yunifomu, dreli ile nzito mara mbili mara nne, unabana kwa nguvu zote na kifundo kimeinama. Pasi ya mkaa unaijua uzito wake, unaikamata kwa mpini mwembamba na kusukuma. Ukitoka hapo unaenda nyumbani unakamua mablanketi, unasonga ugali, usiku unashika simu umelala. Handaki halijapumzika hata saa moja.

Tiba sasa. Ya kwanza na ya bei ndogo ni splinti ya usiku, kile kifaa cha kukishikilia kifundo kisikunjike. Ivae kila usiku kwa wiki sita angalau, siyo usiku mbili tatu halafu useme haifanyi kazi, ndo kosa linalofanyika sana. Kinatakiwa kifundo kinyooke sawa na mkono, kisiinuke juu wala kisiiname. Nasisitiza kwa sababu nyingi za dukani zimekuja na bati ndani lililopinda kuinua kiganja juu, na kuinua nako kunaongeza mgandamizo, kwa hiyo litoe bati hilo ulinyooshe kwa mkono kisha ulirudishe. Isibane, vidole viwe huru kabisa, ukiona alama nyekundu asubuhi legeza.

Na we ni fundi bwana. Nilikuwa na mgonjwa, fundi mwenzio, nilimwonyesha splinti akaishika akaigeuza, hakusema kitu, wiki iliyofuata akaja na ya kwake. Alishona mkono wa jinzi kuukuu toka katikati ya kiganja mpaka karibu nusu ya kufikia kiwiko, upande wa kiganja kaweka mfuko mwembamba kama wa kuweka kalamu, ndani yake kachomeka kipande cha rula ya plastiki, kingo kazisugua zisikwaruze, pamba kidogo, na kamba tatu za kunatisha. Ilikuwa nzuri kuliko yangu. Kwa hiyo usiku wa leo huna sababu ya kusubiri hela.

Sambamba na hiyo punguza nguvu za mchana. Mkasi unolewe, huu ndo ushauri wangu wa kwanza wa mchana, na mpini uuzungushie kitambaa uwe mnene, mkono unakamata kwa nguvu kidogo. Kata ukiwa umesimama na meza iwe chini kidogo ya kiwiko ili kifundo kikae kimenyooka. Yale ya kukata yagawanye, usikate siku nzima kesho ushone siku nzima, changanya. Pasi mpe mwanafunzi wako au kijana hapo nyumbani kwa mwezi huu, na kukamua mablanketi pia, siyo aibu. Kila nusu saa achia kazi, nyoosha vidole vyote, kunja vidole peke yake kama makucha, fumba ngumi polepole, fungua, mara tano kisha endelea. Zoezi hilo linazitembeza kano handakini, faida yake siyo kubwa sana nikisema ukweli, ila halina madhara na linakulazimisha kupumzika. Likileta ganzi acha.

Vidonge: hivyo vya neva ni vitamini B kwa kawaida, na kama mwili wako haujapungukiwa vitamini hizo haviwezi kutanua handaki. Tena uangalie, B6 ikimezwa kwa dozi kubwa muda mrefu inaharibu neva na kuleta ganzi ileile unayoikimbia. Diklofenaki nayo kwa tatizo hili haisaidii kihivyo, na miezi miwili mfululizo ni mingi mno, inakula tumbo na figo, naomba uache na uende ukapimwe presha. Hayo ya miezi miwili mwambie daktari bila kuficha.

Kuhusu kuchanjwa kwenye kifundo, dada yangu hapo nakukataza kabisa. Simdharau shemeji, anakutakia mema, lakini neva ya kati pale kwenye kifundo ipo karibu na ngozi sana, wembe ukiteleza kidogo umekata kitu ambacho hakiungwi kirahisi, na wembe usio safi unaleta jipu na magonjwa ya damu. Damu chafu haipo pale. Hata kuchuliwa kwa nguvu kwenye kifundo kusifanyike, unaikandamiza neva ambayo tayari imekandamizwa.

Wiki sita zikipita na usiku bado unaamka, kuna sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, inachomwa pembeni mwa neva na daktari mwenye uzoefu. Inatuliza vizuri kwa watu wengi ndani ya siku chache au wiki mbili, ila mara nyingi tatizo linarudi baada ya miezi, na kama una sukari itapanda kwa siku kadhaa. Mimi naipenda kwa mtu kama mjamzito, au anayesubiri tezi itulie, au ambaye hajui kama ugonjwa ni huu. Kuichoma kila miezi mitatu mwaka mzima siyo tiba, ni kuahirisha.

Oparesheni nayo siyo lazima kwa kila mtu, na huyo aliyekuambia mkono unalemaa amekutisha kupita kiasi. Wanakuchoma sindano ya ganzi kiganjani, unakuwa macho, wanapasua sehemu ndogo wanakata ule utepe mgumu wa juu, ni kama kufumua mshono wa upindo ili lastiki zipate nafasi, kisha wanashona ngozi tu. Kazi yenyewe haizidi nusu saa kwa kawaida na unarudi nyumbani siku hiyo. Vidole unaanza kuvichezesha jioni hiyohiyo, nyuzi zinatolewa siku kama ya 10 mpaka ya 14. Maumivu ya usiku mara nyingi yanakata mapema, wengine usiku ule wa kwanza wanalala mpaka asubuhi. Lakini upande wa pili pia nikuambie: kiganja kinauma ukikibonyeza kwa miezi, hata mitatu au sita, nguvu ya kukamata inashuka kwanza ndo inapanda, mkasi mzito usahau kwa wiki sita hivi, kwa hiyo ipangie mbali na msimu wa yunifomu. Kuna hatari ya kidonda kuoza, na mara chache neva kuguswa au utepe kutokatwa wote. Na ambao mkono haukurudi sawa, wengi niliowaona walienda wakiwa wamechelewa sana, neva ilishakufa sehemu.

Hapo kwenye kuchelewa ndo naomba usikilize. Neva ikibanwa kidogo inaharibika ganda lake la nje, kama plastiki ya waya, hilo linarudi. Ikibanwa muda mrefu unakufa waya wenyewe, na neva inaota kwa kama milimita moja tu kwa siku tena siyo kila mara inafika. Kwa hiyo weka viganja vyote viwili mezani penye mwanga, angalia ile nyama iliyotuna chini ya gumba. Ikiwa ya kulia imebonyea kuliko ya kushoto, au gumba halina nguvu ya kunyanyuka likitazama juu, au ganzi haiondoki tena hata ukikung'uta, usisubiri hizo wiki sita, nenda ndani ya wiki moja mbili ukaonane na daktari wa mifupa. Kusema kweli hiyo sindano ya kushonea inayokuponyoka inanitia wasiwasi kidogo, inaweza kuwa ni kupoteza hisia tu lakini inaweza kuwa misuli imeanza. Na yeyote aliyevunjika au kuumia kifundo, mkono ukavimba na vidole vikafa ganzi kwa kasi, huyo ni wa hospitali siku hiyohiyo.

Anza na hospitali ya mkoa hapo Morogoro, omba kuonwa na daktari kisha fiziotherapia, nao wakiona haja watakupa rufaa, kwa mfano MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar es Salaam. Wanaweza kukupima neva kwa umeme kidogo, inashtua shtua ila haiumizi sana, siyo lazima kwa kila mgonjwa lakini kabla ya kisu ni vizuri iwepo. Ukienda beba karatasi umeandika ni vidole gani, usiku umeamka mara ngapi, na dawa zote ulizomeza, usiseme tu "mkono unauma", maana foleni ni ndefu na ukisema hivyo utapewa diklofenaki nyingine.

Majibu ya TSH na sukari yakitoka niandikie tena, na uniambie kile kidole cha pete kilisemaje ulipokipitisha uzi. Huo mkasi mpelekee mnoaji kesho asubuhi.